Sound Blaster Live! inaonekana kwenye lspci lakini haitoi wala hairekodi sauti

Swali: Nina kompyuta ya mezani ya mtumba yenye Debian 12. Nimechomeka kadi ya sauti ya PCI, Sound Blaster Live!, niliyoitoa kwenye mashine nyingine iliyoharibika. Lengo langu ni kuhamishia kwenye kompyuta kanda za kaseti za taarabu alizoacha marehemu baba. lspci (amri inayoorodhesha vifaa vya PCI) inaiona kadi, ila spika ziko kimya, na nikirekodi napata faili lenye urefu sahihi lakini halina kitu ndani. Nimetafuta draiva ya Linux sijaipata. Je, kadi imekufa? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Kadi yako inaelekea ni nzima. Ikionekana kwenye lspci, upande wake wa kidijitali unawasiliana na ubao mama, na huo ukimya una sababu chache zinazojulikana, karibu zote ziko kwenye mikisa (vidhibiti vya kupandisha, kushusha na kufunga sauti). Draiva usiitafute tena. Inaitwa snd-emu10k1, na imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu toleo la 2.6 la mwishoni mwa mwaka 2003. Debian inakuja nayo, na kadi hii haihitaji faili la firmware kupakiwa pembeni. Chochote utakachokuta mtandaoni kikijiita draiva ya kadi hii kwa Linux ni cha zama za kerneli 2.2 na 2.4, na hakitajengeka kwenye 6.1 ya Debian 12.

Fanya kazi kutoka chini kwenda juu: kadi yenyewe, draiva, mikisa ya ALSA (mfumo wa sauti wa kerneli), kisha PipeWire au PulseAudio (seva zinazogawa sauti kwa programu). Usipande ngazi kabla ile ya chini haijakujibu. Wengi huanzia kwenye dirisha la mipangilio ya sauti la GNOME, wakati vitufe vinavyoinyamazisha kadi hii havimo kwenye dirisha hilo hata kimoja.

Kwanza hakikisha ni Live! ipi, maana jina hilo lilibandikwa kwenye kadi zisizo ndugu. Fungua terminali uandike:

lspci -nnk | grep -A3 -i audio

Tazama namba iliyo kwenye mabano ya mraba, yenye nukta mbili katikati. 1102 ni Creative, na inayofuata ndiyo chipu. 1102:0002 ni Live! ya asili iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, yenye chipu ya EMU10K1. Jina la chipu limechapwa juu ya chipu kubwa ya katikati. 1102:0004 ni Audigy, nayo hutumia draiva hiyohiyo, ingawa majina ya mikisa yake yanatofautiana kidogo. 1102:0006 ni toleo lililotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Dell, na draiva yake ni snd-emu10k1x. 1102:0007 inauzwa kwa jina la Live! 24-bit, lakini ndani ni chipu nyingine kabisa na inataka snd-ca0106. Ukikuta 1274:1371 au 1274:5880, uliyonayo si Live! bali ni ya ukoo wa Ensoniq, yenye draiva ya snd-ens1371. Maelezo yanayofuata ni ya 1102:0002. Mstari wa 1102:7002 ukijitokeza kwenye lspci, huo ni mlango wa kijiti cha michezo, uache kama ulivyo.

Chini ya mstari wa kadi panatakiwa pasomeke "Kernel driver in use: snd_emu10k1". Pakiwa patupu, ipakie kwa mkono na usome kerneli inasema nini:

sudo modprobe snd-emu10k1
sudo dmesg | grep -iE 'emu10k1|DMAR'

Ukiona mistari ya DMAR yenye neno "fault", ingia BIOS uzime VT-d halafu ujaribu tena. Na ikitokea siku kadi inaonekana na siku nyingine haionekani, tatizo ni mguso. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, toa kadi, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowekwa spiriti ya isopropili, ngoja ikauke, kisha uirudishe ikiwezekana kwenye sloti nyingine. Kadi iliyokaa miaka kwenye kabati la pwani ina ukungu wa chumvi kwenye meno hata kama macho hayauoni.

Draiva ikiwa imeshika, andika:

cat /proc/asound/cards

Utaona kadi mbili au tatu: ile ya ubao mama (HDA Intel), pengine na ya HDMI, na nyingine yenye neno Live kwenye mabano. Neno hilo ndilo jina la kadi. Litumie badala ya namba, kwa sababu namba hubadilika kila draiva zinapopishana kupakiwa wakati wa kuwaka, na hapo ndipo watu husema kadi ilifanya kazi jana na leo imegoma. Amri zangu zote zimeandikwa "Live". Kwako likisomeka tofauti, badilisha. Ukitaka pia programu za zamani zinazojua kadi namba 0 tu zikutane na hii, andika mstari huu kwenye faili jipya /etc/modprobe.d/sauti.conf kisha uwashe upya mashine:

options snd slots=snd_emu10k1,snd_hda_intel

Sasa tufike kwenye mikisa. Sakinisha alsa-utils kama haipo, kisha:

alsamixer -c Live

Usishtuke kwa wingi wa nguzo. Kadi hii ina mikisa miwili iliyofuatana. Mmoja ni wa kidijitali, ndani ya EMU10K1. Mwingine ni wa analogi, ndani ya chipu ndogo ya pembeni inayoitwa kodeki ya AC97, ambayo ndiyo iliyoungwa na matundu ya nyuma. Sauti ya programu hupita kwanza wa kidijitali, kisha wa analogi, ndipo itoke. Ikizibwa kokote njiani, husikii kitu, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Nenda kwenye nguzo za Master, PCM na Wave, na Front kama ipo, uzipandishe hadi kati ya asilimia 70 na 80. Chini ya nguzo ukiona MM, ujue imefungwa. Bonyeza herufi M igeuke kuwa OO.

Halafu sogea kulia hadi mwisho kabisa utafute "SB Live Analog/Digital Output Jack". Hiki ndicho kilichokwisha kuwafanya watu watupe kadi nzima jalalani. Mantiki yake iko kinyume na unavyotarajia: ikiwa OO, kadi inapeleka sauti ya kidijitali, na spika za kawaida zinanyamaza. Unaitaka ikae MM. Kwa amri:

amixer -c Live sset 'SB Live Analog/Digital Output Jack' off

Angalia pia umechomeka wapi. Kwenye Live! 5.1 spika za mbele ni tundu la kijani, Line-In ni la buluu, la nyuma ni jeusi, na lile la rangi ya chungwa ni la kidijitali pamoja na spika ya kati. Kadi za mwanzo hazina rangi hizi, ila zina alama ndogo zilizochongwa kwenye bati. Zisome kwa tochi.

Jaribu sauti bila kupitia kwa PipeWire:

speaker-test -D plughw:Live,0 -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya mwanamke ikitaja kushoto na kulia kwa Kiingereza. Ukiisikia, ngazi tatu za chini zimekamilika. Ukijibiwa "Device or resource busy", kuna programu imeishika kadi. Amri fuser -v /dev/snd/* itakutajia jina lake. Ukiambiwa hakuna kadi ilhali kwa sudo inaonekana, ni suala la ruhusa: sudo usermod -aG audio jina_lako, kisha toka na uingie upya.

Kurekodi ndiko kulikokuleta, na faili lako tupu lina maelezo yake. Kuna mambo mawili tofauti, na ukirekebisha moja tu bado utapata ukimya.

La kwanza, kodeki ya AC97 hurekodi chanzo kimoja kilichochaguliwa, na mara nyingi kilichochaguliwa tangu mwanzo ni maikrofoni. Kwa hiyo unacheza kaseti kwenye Line-In huku kadi inasikiliza tundu la maikrofoni lisilo na kitu. Chagua Line na ufungue Capture:

amixer -c Live sset Line cap
amixer -c Live sset Capture 60% cap

La pili ni la kadi hii peke yake. Sauti ikishageuzwa kuwa ya kidijitali na kodeki, inaingia kwenye mikisa ya EMU10K1, na humo kuna koki nyingine iitwayo "AC97 Capture Volume". Ikiwa sifuri, hakuna ingizo lolote la analogi litakalofika kwenye rekodi, hata uongeze Capture hadi mwisho. Inatakiwa ijae kabisa. Pacha wake, "AC97 Playback Volume", anatakiwa awe sifuri, la sivyo sauti inayoingia itarudishwa tena kwenye spika kwa njia ya kidijitali, utasikia kila kitu mara mbili kwa kuchelewa kidogo. Vilevile "Wave Capture Volume" iwe sifuri, ili mlio wa ujumbe wa simu ulioufungua kwenye kompyuta usijichanganye na kinanda cha baba.

amixer -c Live cset name='AC97 Capture Volume' 100%
amixer -c Live cset name='AC97 Playback Volume' 0%
amixer -c Live cset name='Wave Capture Volume' 0%

Funga (MM) viingilio usivyotumia: Mic, CD, Aux, Video, Phone. Kila kilicho wazi kinaongeza mvumo. Ukimaliza hifadhi kila kitu, vinginevyo hali uliyoipanga yaweza kupotea umeme ukikatika ghafla:

sudo alsactl store

Mipangilio inaandikwa kwenye /var/lib/alsa/asound.state na kurudishwa kila mashine inapowaka.

Kwenye deki ya kaseti tumia matundu ya Line Out, mekundu na meupe, kwa waya wa RCA mbili kwenda pini ya stereo ya milimita 3.5. Usichomeke matokeo ya spika za redio kaseti kwenye Line-In. Umeme wake ni mkubwa na unaweza kuunguza kodeki. Ukiwa na redio kaseti isiyo na Line Out, tumia tundu la hedifoni, sauti ikianzia chini kabisa na kupandishwa taratibu. Tundu la maikrofoni la kadi halifai: ni mono, lina kikuza sauti, na linatoa volti kidogo kwa ajili ya maikrofoni. Kabla ya kanda ya kwanza safisha kichwa cha deki kwa spiriti hiyohiyo na pamba. Kitufe cha Dolby kizimwe, isipokuwa una uhakika kanda ilirekodiwa nacho.

Rekodi kwa 48000 Hz. EMU10K1 hufanya kazi ndani kwa kasi hiyo moja tu, na kasi nyingine yoyote, ikiwemo 44100, inapatikana kwa kugeuza. Hakuna sababu ya kuipa kazi hiyo wakati wa kurekodi. Ukihitaji 44100 kwa ajili ya CD, geuza baadaye kwa programu ya sox.

arecord -D hw:Live,0 -f S16_LE -r 48000 -c 2 -d 1900 -V stereo upandeA.wav

-d 1900 ni sekunde: dakika 30 za upande mmoja wa kanda ya 60, na akiba ya zaidi ya dakika moja na nusu. Kwa kanda ya 90 weka 2800. -V stereo inakuonyesha kipimo cha sauti. Panga Capture ili sehemu za juu kabisa za wimbo, pale vinanda na waitikiaji wanapoingia pamoja, zifike asilimia 70 hadi 80 na zisiguse 100. Sauti iliyokatwa kichwa haitengenezeki baadaye. Iliyo chini kidogo inapandishwa bila shida. Kwa mpangilio huu dakika moja inachukua takriban MB 11.5, upande wa nusu saa MB 346 hivi, na kanda nzima ya dakika 90 ni kama GB 1. Ukiridhika na rekodi, flac upandeA.wav itapunguza ukubwa bila kupoteza chochote. MP3 tengeneza kwa ajili ya kugawa kwa simu, ila nakala ya kuhifadhi iwe FLAC.

Bafa ya kurekodi (hifadhi ya muda) ya kadi hii haizidi KB 64, yaani theluthi moja tu ya sekunde kwa kasi hiyo. Mashine ikishikwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo, arecord itaandika "overrun!!!" na kipande cha wimbo kitakuwa kimepotea. Kwa hiyo funga kivinjari, simamisha masasisho, na uandike kwenye diski ya ndani, si kwenye flashi. Ukiona neno hilo hata mara moja, rudisha kanda nyuma uanze upya. Kushona vipande kunachukua muda mrefu kuliko kusikiliza tena.

Ukisikia mngurumo mzito usiobadilika, huo ni wa umeme wa 50 Hz. Chomeka deki na kompyuta kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, chomoa waya wa mtandao na wa skrini kimoja kimoja mpaka umjue mkorofi. Mvumo mwembamba kama wa mvua ni wa kanda yenyewe. Kadi hii ni ya biti 16 na si kimya kama za leo, lakini kelele ya kaseti ni kubwa kuliko ya kadi, kwa hiyo kwa kazi yako haitakuangusha. Tena vile vikadi vya USB vya bei nafuu mara nyingi vina ingizo moja tu la maikrofoni, mono. Line-In ya stereo ya kweli uliyonayo ni bora kuliko hivyo.

Sasa seva ya sauti. Debian 12 yenye GNOME hutumia PipeWire; mazingira mengine mengi bado yana PulseAudio. Sakinisha pavucontrol, ingia sehemu ya Configuration, na kwa kadi ya Live! chagua "Analog Stereo Duplex". Ikiwa imechagua Digital Stereo (IEC958), utarudi kulekule kwenye ukimya. Kwa PipeWire, wpctl status inakupa namba ya kila kifaa, na wpctl set-default ikifuatiwa na namba hiyo huifanya kadi kuwa chaguo-msingi la mfumo. Kwa PulseAudio, fungua /etc/pulse/daemon.conf uweke default-sample-rate = 48000, kwa sababu yenyewe huanza na 44100; PipeWire tayari iko 48000. Kila ukibadilisha profaili hapa, rudi alsamixer ukakague: seva hizi hupenda kugusa Master, PCM na Capture kwa hiari yao. Wakati wa kurekodi kanda mimi ningezisimamisha kabisa:

systemctl --user stop pipewire.socket pipewire-pulse.socket pipewire pipewire-pulse wireplumber

Ukipendelea Audacity, chagua ALSA kama mfumo wa sauti, kifaa cha hw cha Live!, na kasi ya mradi 48000.

Kama mashine yako ni ya umri wa kadi, yaani Athlon au Duron ya miaka ya 2000 na 2001 yenye chipu ya VIA 686B kwenye ubao mama, kuna jambo zito kuliko ukimya. Muungano wa 686B na Live! ulijulikana kwa kuharibu data kwenye diski wakati mabasi ya PCI yanapozidiwa. Kerneli ina kinga yake na huiwasha yenyewe, lakini kwa kanda zisizo na nakala nyingine ningetafuta ubao mwingine.

Na ikiwa umefanya yote haya na speaker-test bado haisikiki, pima upande wa analogi. Fungua nguzo ya Line kwenye alsamixer (upande wa kucheza, F3), cheza kaseti bila kurekodi. Njia hii inapita ndani ya kodeki tu, haigusi EMU10K1. Ukiisikia kanda kwenye spika, matundu na kodeki ni vizima na kosa liko kwenye PCM au Wave; rudia nguzo zote. Usipoisikia, jaribu tundu la nyuma, ambalo kwenye kadi hizi hulishwa na chipu tofauti ya kugeuza sauti. Pandisha nguzo ya Surround na Wave Surround, hamisha waya wa spika kwenye tundu jeusi, kisha:

speaker-test -D surround40:Live -c 4 -t wav

Ukisikia za nyuma tu, kodeki au kapasita zake za mbele zimekwisha. Tazama vile vimkebe vidogo karibu na matundu kama kuna kilichovimba au kuvuja. Fundi wa redio anaweza kuvibadilisha kwa kusoma volti na mikrofaradi zilizochapwa juu ya kila kimoja. Ila kama ni kodeki, kumbuka kwamba Line-In nayo inapita humohumo, kwa hiyo kadi hiyo itacheza muziki kupitia tundu la nyuma lakini kanda haitarekodi, tafuta Live! nyingine ya mtumba, na mipangilio uliyohifadhi itaifaa ilivyo mradi lspci inaonyesha 1102:0002.